Jinsi ya Kujenga Mtaa wa Pwani wa 1914 kwa Mchezo wa Vita wa Mezani

Ukishanunua visanamu na kuanza kuvipaka rangi, swali linalofuata ni vitapigania wapi. Baada ya hapo maswali hufuatana kwa mpangilio ule ule: nyumba natengeneza kwa kitu gani, vipimo natoa wapi, vifaa vinavyoonyeshwa kwenye video za Wazungu havipo Kariakoo nifanyeje, na mbona ukuta wangu umepinda? Nimeyajibu mara nyingi kwa mdomo na kwa simu. Sasa nayaweka pamoja, kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kukata hata nyumba moja.

Mfano wetu ni mtaa wa mji wa pwani ya Tanganyika enzi za Wajerumani. Mafunzo mengi yanakupeleka Normandy au Stalingrad, viwanja vya Vita Kuu ya Pili, kwenye matofali na magofu ya ghorofa. Mimi nakushauri uanze na chokaa, makuti na mabati. Nyenzo zake zimejaa Dar es Salaam, na nyumba za kupimia bado zipo. Unaweza kwenda kuzigusa.

Unachohitaji

Kutoka duka la steshenari: fomubodi ya milimita 5 (bodi ya sponji iliyobanwa kati ya karatasi mbili), karatasi za manila, rula ya chuma, kisu cha kusukuma wembe pamoja na nyembe za akiba, na selotepu ya karatasi.

Kutoka duka la vifaa vya ujenzi: gundi nyeupe ya maseremala, unga wa jipsamu (kilo moja inatosha kwa nyumba kadhaa), msasa laini, kopo dogo la rangi ya maji nyeupe, vichupa vya kukolezea rangi (kahawia, njano na nyeusi), na chuma kirefu chenye nyuzi mwili mzima, kile mafundi wanachoning'inizia dari. Omba kipande cha unene wa milimita 8.

Kutoka nyumbani na sokoni: fagio la chelewa, kamba ya katani, trei za foili za chakula, vijiti vya mishikaki, chujio la chai, brashi kuukuu, mchanga. Styrofoam ya boksi la televisheni usiitupe, utaijengea vilima na misingi.

Kwa seremala: vipande vya plaiwudi vya sm 30 kwa 30. Vinne vinakutosha kuanza. Mwambie avikate vyote kwa mpigo mmoja ili vilingane, maana vikitofautiana hata milimita mbili, mtaa wako utakuwa na nyufa kila unapoupanga.

Hatua ya 1: Chagua mwaka

Usiseme "enzi za zamani". Chagua mwaka, uuandike kwenye karatasi na uubandike juu ya meza yako, kwa sababu ndio utakaokukataza vitu.

Kama unataka mapigano halisi ya mitaani, chukua Tanga, Novemba 1914. Jeshi la Waingereza lililotoka India chini ya Jenerali Aitken lilishuka pwani, na baadhi ya vikosi vyake vikaingia mjini na kupigana mitaani kabla ya kurudishwa nyuma na askari wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Dar es Salaam haikupata vita ya namna hiyo. Ilipigwa mizinga kutoka baharini tangu Agosti 1914, lakini Waingereza walipoingia tarehe 4 Septemba 1916 mji ulikabidhiwa tu. Ukicheza vita ya nyumba kwa nyumba Dar, jua kwamba unacheza jambo ambalo lingeweza kutokea, na uwaambie wenzako hivyo. Nyumba utakazojenga zinafaa miji yote miwili.

Mwaka ukishaandikwa, anza kufuta. Sanamu ya Askari pale Samora iliwekwa 1927, kwa hiyo haimo. Mahali pale palikuwa na sanamu ya Wissmann, aliyewahi kuwa gavana wa Kijerumani. Jina Kariakoo limetokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, kwa hiyo usiliandike kwenye kibao cha duka la 1914. Kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi ni ghorofa za Kihindi za katikati ya mji, zile zenye kona za mviringo na mwaka umechongwa juu ya ukuta wa mbele. Ni nzuri sana, lakini usome huo mwaka: nyingi ni za 1930 na kuendelea.

Hatua ya 2: Nenda ukaangalie

Anzia Old Boma, barabara ya Sokoine, ng'ambo ya bandari. Ni jengo la miaka ya 1860, wakati wa Sultani Majid wa Zanzibar, la mawe ya matumbawe na chokaa. Simama kwenye dirisha utazame unene wa ukuta. Halafu nenda Kijiji cha Makumbusho, barabara ya Bagamoyo, uone nyumba za miti na udongo kwa karibu. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, yenye ukumbi katikati na kibaraza mbele, utaikuta bado Ilala na Magomeni.

Kwenye nyumba ya mtu, piga hodi kwanza na ueleze unachofanya. Mgeni anayepima ukuta bila maelezo anatia watu hofu ya bomoabomoa. Ukieleweka, mara nyingi mzee wa nyumba mwenyewe atakuonyesha boriti zilivyopangwa na kukueleza paa lilikuwaje kabla ya mabati, habari ambazo huzipati kwenye picha.

Kwa picha za wakati ule, tafuta za Walther Dobbertin, mpigapicha aliyekuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Nyingi zimehifadhiwa katika nyaraka za taifa za Ujerumani na zinaonekana mtandaoni.

Hatua ya 3: Geuza mita kuwa milimita

Visanamu vya kimo cha milimita 28 huenda na skeli ya 1 kwa 56 hivi, yaani kila kipimo halisi kinagawanywa kwa 56. Kariri kitu kimoja tu: mita moja ni milimita 18.

Nyumba ya Kiswahili ina vyumba viwili vya mita 3 kwa upana na ukumbi wa mita moja na nusu katikati. Ukijumlisha kuta unapata mita 8 hivi, yaani sm 14 na nusu. Kwenda nyuma vyumba vitatu vinakupa sm 17. Ukuta wa mita 2.7 ni milimita 48. Ukuta wa matumbawe wa nusu mita ni milimita 9, kwa hiyo fomubodi mbili zilizogundishwa pamoja zinakaribia kabisa. Chumba cha nyumba ya mawe usikipe zaidi ya mita 3 upande mfupi: dari lilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba.

Vitu vitatu uvunjie skeli kwa makusudi, kwa sababu kisanamu kinasimama juu ya kitako cha milimita 25:

- Mlango wa mita 2 ungekuwa milimita 36. Fanya 42, na upana usipungue 26.
- Kibaraza kifanye milimita 28 kwenda ndani, la sivyo hakuna askari atakayesimama juu yake.
- Mtaa uwe na upana wa sm 12 hadi 15. Chini ya sm 10 mkono wako hauingii bila kuangusha kitu.

Kabla ya kukata fomubodi, kata nyumba nzima kwa karatasi ya manila, ishikize kwa selotepu, weka kisanamu mlangoni. Inachukua nusu saa tu. Wanaoruka hatua hii ndio wanaoniuliza mbona nyumba yao imekuwa kibanda cha kuku au ghala.

Hatua ya 4: Tayarisha ubao wa chini

Paka plaiwudi rangi ya maji pande zote mbili na kwenye kingo. Ukipaka juu peke yake, upande mmoja unavuta unyevu kuliko mwingine na ubao unapinda, hasa wakati wa masika. Acha ukauke usiku kucha.

Hatua ya 5: Kata kuta

Kata kwa kupitisha wembe mara tatu: karatasi ya juu, sponji, karatasi ya chini. Usilazimishe kwa mpito mmoja. Wembe ukianza kuchana sponji badala ya kukata, vunja ncha. Usiung'ang'anie hadi uishe makali kabisa. Weka vidole nyuma ya rula kila mara.

Kata milango na madirisha kabla ya kuunganisha kuta. Pembeni mwa madirisha bandika vipande vya manila kuziba sponji inayoonekana. Unganisha kwa gundi nyeupe, shikiza kwa pini, hakikisha kona ni mraba kwa kutumia kitabu, na uiache. Hewa ya Dar ni nzito; kile kinachosemwa kwenye chupa ya gundi kuwa saa moja, wewe kipe saa tatu.

Nyumba za udongo zitengeneze kwa boksi gumu la kawaida, unene wa milimita 3 au 4, bila kunyoosha sana. Ukuta wa fito na udongo una mawimbi, uache uwe nayo.

Hatua ya 6: Milango na madirisha

Milango itengeneze kwa vijiti vya aiskrimu vilivyopasuliwa. Madirisha ya wakati ule yalikuwa na mbao za kufungika. Ukiyaacha mengine wazi na mengine yamefungwa, mtaa unaonekana una watu. Duka la Mhindi lipe mlango mpana wa mbao kadhaa zinazokunjuka na kibaraza chenye nguzo na upenu wa mabati mbele. Mlango wa nakshi weka mmoja tu katika mtaa mzima, kwenye nyumba ya mwenye uwezo.

Hatua ya 7: Piga lipu

Hapa ndipo nyumba inapoacha kuwa boksi, na ndipo ningependa utumie muda wako mwingi.

Changanya vijiko vitatu vya unga wa jipsamu, kimoja cha gundi nyeupe, nusu kijiko cha mchanga uliochujwa kwa chujio la chai, na maji kidogo kidogo mpaka uwe mzito kama mtindi. Tia tone la rangi ya kahawia humo humo, ili ukuta ukikwaruzika baadaye usionyeshe doa jeupe. Changanya kidogo, jipsamu inaanza kuganda baada ya dakika kumi hivi, na iliyoanza kuganda usiiongezee maji.

Lowesha ukuta kwa gundi iliyozimuliwa, kisha paka tabaka jembamba kwa kipande cha kadi ya simu. Usinyooshe. Fundi wa zamani alitumia mkono na mwiko, na kwenye jua la saa kumi ukuta wa chokaa unaonyesha kila mkono uliopita. Ikikauka, paka tabaka la pili sehemu chache tu.

Sasa sehemu za kuonyesha lipu imebanduka kwa uzee. Chagua mbili kwa kila nyumba, na uzichague kwa sababu: chini ya dirisha ambapo maji hupita, kwenye kona ambapo mikokoteni hukwaruza, au kwenye sentimita moja ya chini ambapo matone ya mvua huruka kutoka ardhini. Kwaruza lipu ikiwa bado mbichi, kisha kwa ncha ya kalamu butu bonyeza maumbo ya mawe ya matumbawe. Mawe hayo hayana umbo la tofali: hayalingani, yana matundu, na chokaa kati yake ni pana. Ukichora mistari iliyonyooka, umejenga London.

Kausha kivulini. Ukiweka juani lipu inapasuka, na kuta zinavutwa ndani.

Hatua ya 8: Ezeka

Paa liwe la kuvuliwa, ili uweze kuingiza askari ndani wakati wa mchezo. Litengeneze kwa boksi gumu, likae juu ya kuta kwa kingo mbili za ndani. Kwa makuti, mteremko uwe mkali, karibu nyuzi 45. Makuti yaliyolala yanavuja, kwa hiyo hakuna aliyejenga hivyo. Mabati yanaweza kulala zaidi.

*Makuti.* Fumua kamba ya katani, ichane kwa kitana, kata vishungi vya sm 2. Paka gundi mstari mmoja kuanzia chini ya paa, panda vishungi, subiri vishike, kisha mstari unaofuata juu yake ufunike nusu ya ule wa kwanza. Mwishoni punguza kingo kwa mkasi, lakini usizinyooshe kabisa. Chini ya upenu bandika njiti za chelewa ziwe pau, zitokeze milimita 3 au 4. Chelewa ina wembamba na rangi inayofaa bila kuguswa.

*Mabati.* Wengi wanachuna karatasi ya juu ya boksi na kutumia mawimbi yaliyo ndani. Usifanye hivyo. Mawimbi ya boksi yana milimita 7 hivi, ambayo kwa skeli yetu ni karibu sm 40 kwa wimbi moja. Hakuna bati la namna hiyo. Wimbi la bati halisi ni milimita 76, na kwa skeli yetu linakuwa milimita 1.36. Nyuzi za chuma cha milimita 8 zimeachana kwa milimita 1.25. Kwa hiyo kata foili ya trei vipande vya milimita 43 kwa 14, weka juu ya kitambaa kilichokunjwa mara mbili, na uviringishe chuma juu yake kwa kukigandamiza. Pitisha mara moja tu, usirudi nyuma, kwa sababu nyuzi hazirudi kwenye njia zake na mawimbi yanafutika. Unapata bati lenye mawimbi safi, hata kivuli chake ni sahihi. Panga kuanzia chini, kila kipande kilalie jirani yake kwa wimbi moja.

Hatua ya 9: Tandaza mtaa

Mchanga wa baharini una chumvi, na chumvi inavuta maji. Mtaa wako utakuwa na unyevu na rangi itabanduka. Uoshe mara mbili tatu kwa maji ya bomba, wala si ya kisima, maana visima vingi vya Dar vina chumvi pia. Kausha, chuja.

Paka ubao gundi, mwaga mchanga, gonga uanguke unaozidi. Kabla haujakauka, chora njia mbili za magurudumu ya mkokoteni kwa ncha ya kijiti, na upitishe kidole katikati ya mtaa ambapo watu hutembea. Nyumba hizi hazikuwa na mabomba ya kukinga maji, kwa hiyo chini kabisa ya ukingo wa paa chimba mstari wa vishimo vidogo kwa njiti ya meno, kimoja baada ya kingine, kote paa linakopita. Ni kitu cha dakika tano, na kila mtu aliyekulia pwani anakitambua bila kuambiwa.

Hatua ya 10: Rangi

Usitumie nyeupe tupu. Tia njano na kahawia kidogo mpaka upate rangi ya maziwa. Ikikauka, zimua kahawia kwa maji mengi na tone la sabuni ya vyombo, paka chini ya madirisha na kwenye miguu ya kuta, kisha futa kwa kitambaa kuelekea chini. Makuti mapya ni ya kahawia, ya zamani ni ya kijivu. Changanya zote mbili kwenye paa moja. Mabati yape kutu kwenye maungio na sehemu za misumari. Ardhi ya mji wa pwani ni mchanga wa kijivu-njano. Vumbi jekundu liache Dodoma na Singida.

Hatua ya 11: Vitu vya mtaani

Mitungi ya udongo wa kuchezea, mkokoteni wa hamali, jamvi la vipande vya ukili, madebe ya mafuta ya taa, minazi miwili mitatu, mwembe mmoja wa kivuli. Viweke mahali vinapozuia risasi kwenye mchezo: debe na mkokoteni vikae katikati ya mtaa, mtungi nyuma ya ukuta wa uani. Nguzo za umeme zenye nyaya rundo ni za Dar ya leo.

Mambo yakienda kombo

*Ubao umepinda.* Lowesha kidogo upande uliobonyea, laza kwenye sakafu, weka vitabu vizito siku mbili, kisha paka rangi upande uliokuwa mtupu.

*Sponji imeyeyuka.* Umetumia rangi ya kupulizia, supaglu au kitu chenye thina. Funika kwanza sponji yote kwa gundi nyeupe au rangi ya maji, tabaka mbili, ndipo upulize, tena kwa mbali. Sehemu iliyoyeyuka ijaze lipu na uifanye tundu la kombora.

*Lipu ina nyufa.* Nyufa ndogo ziache, zinafaa. Kubwa maana yake tabaka lilikuwa nene au limekaa juani. Jaza kwa lipu nyepesi yenye gundi nyingi.

*Paa halikai.* Kuta zimevutwa ndani. Kata kipande cha fomubodi cha vipimo vya ndani, kisukume katikati kiwe sakafu ya dari.

*Rangi inabanduka kwenye mabati.* Foili ina mafuta. Osha kwa sabuni, kwaruza kwa msasa, anza na tabaka jembamba la gundi nyeupe.

*Visanamu vinateleza kibarazani.* Nyunyiza mchanga laini kwenye gundi mbichi juu ya kibaraza.

*Mende wametafuna kingo.* Umetumia gundi ya unga wa ngano. Gundisha upya kwa gundi ya seremala, na uhifadhi nyumba kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko.

*Ukungu mweusi baada ya masika.* Futa kwa kitambaa chenye siki, anika kivulini penye upepo, na usiziweke tena chini ya kitanda au ukutani. Ziweke juu ya kabati. Ukizisafirisha kwenda kucheza, vua mapaa, yafunge peke yake, na jaza vyumba magazeti yaliyofinyangwa, kwa sababu kuta hupasuka kwanza kwenye kona za milango.